Vitunguu Majani Vikikosekana, Tuunge na Nini?

Wapendwa akina mama, mwezi huu naomba tuzungumze habari ndogo ya jikoni. Nasema ni ndogo kwa sababu haihusu nyama wala wali wa sikukuu. Inahusu fungu la vitunguu majani, lile ambalo mtu hulitia kapuni mwisho kabisa, akisha kununua vyote vya maana. Lakini mtakubaliana nami kwamba kibiriti nacho ni kidogo, na usiku kikikosekana nyumba nzima hujua.

Sisi tunaoishi Same mjini tunaujua ukosefu huo. Mji wetu uko upande wa magharibi wa milima ya Upare Kusini, na mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi hushusha mvua nyingi upande wa pili, kule Gonja, Ndungu na Mamba. Yakivuka kilele cha Shengena, chenye urefu wa mita 2,463, huwa yamekwisha kumwaga mzigo wake. Ndiyo maana msafiri wa basi kati ya Dar es Salaam na Arusha akipita kwetu huona miba, mikonge na vumbi, asijue kwamba huko juu kuna migomba, miwa, tangawizi na maji yanayotiririka katika mifereji.

Mboga laini tunazokula mjini, nyingi huteremka kutoka huko. Wenyeji wa milima hii tangu zamani wamekuwa na ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya mfereji usiku kucha, yafunguliwe asubuhi na kugawanywa kwa zamu. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba zikinyesha vizuri, ndiva hujaa na bustani hupendeza. Katikati yake ni kiangazi. Maji yakipungua, mama mwenye bustani hulazimika kuchagua anyweshee nini, na kitunguu majani chenye mizizi mifupi ni kati ya vya kwanza kunyauka. Mvua zikija kwa nguvu nazo, barabara za milimani huteleza na magari ya mboga huchelewa. Kwa hiyo kuna miezi ambayo unazunguka genge hili na lile, na jibu ni moja tu: "Leo havijashuka, mama."

MGONJWA ASIYETAKA KULA

Huenda nisingelifikiria sana jambo hili kama si mama mkwe wangu. Mwezi wa Septemba mwaka 2022 aliteremka kutoka milimani kuja kukaa nasi, ili awe karibu na kliniki. Presha yake ilikuwa imepanda. Alipewa dawa, na pamoja na dawa akaambiwa apunguze chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na vyakula vya dukani. Muuguzi alitueleza vizuri, nasi tukarudi nyumbani tukiwa na nia njema.

Nia njema ilikutana na sahani. Siku ya kwanza nilipika makande laini ya mahindi yaliyokobolewa na maharage, chumvi kidogo sana. Mama alionja, akaweka kijiko chini, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, haya ni makande, au ni maji yaliyoosha mahindi?" Watoto walicheka, naye akacheka. Lakini hakula. Siku ya pili alikula vijiko vitatu. Siku ya nne alisema hana njaa.

Akina mama mliowahi kumtunza mzee mnajua hofu iliyopo hapo. Mzee asipokula hupungua nguvu upesi, na dawa akizimeza tumbo likiwa tupu huanza kuziogopa. Baba watoto alitaka turudishe chumvi. "Afadhali ale," alisema. Na mimi sikuwa na ubishi mwingi, maana kumtazama mzazi akikaa na njaa mbele ya chakula ulichokipika mwenyewe ni jambo zito.

Kilichotusaidia kwanza kilikuwa vitunguu majani. Nilikatakata konzi moja, nikavinyunyiza juu ya makande yakiwa bado motoni, dakika moja tu kabla ya kuipua. Mama alisikia harufu tangu barazani. Alimaliza sahani. Ikawa hivyo kwa majuma matatu, makande, mchicha, mayai na supu ya ndizi, vyote vikipambwa kwa kijani hicho. Oktoba ilipoanza, vuli ilikuwa haijafika, na magenge yakawa matupu.

Jirani mmoja mwema alinishauri nitumie vile vidonge vya mchuzi vya dukani. "Kimoja tu, utamwona anavyokula!" Nilichukua pakiti nikasoma maandishi madogo yaliyo nyuma. Kitu cha kwanza kilichoandikwa kilikuwa chumvi. Katika vidonge vingi vya namna hiyo, karibu nusu ya uzito ni chumvi. Kidonge cha gramu 10 basi chaweza kuwa na gramu 5 hivi, ambazo ni posho ya mtu mzima kwa siku nzima. Kilikuwa kinarudisha kwa mlango wa nyuma kile tulichokitoa kwa mlango wa mbele. Nikamshukuru jirani, nikakaa chini kufikiri.

KITUNGUU MAJANI KINAFANYA KAZI GANI CHUNGUNI?

Tukitaka kumpata mtu wa kushika zamu ya mwingine, sharti kwanza tujue yule mwingine alikuwa akifanya kazi gani. Kitunguu majani kina kazi mbili, na kila moja ina mahali pake kwenye mche.

Sehemu nyeupe ya chini ni kitunguu hasa. Tukiikata, maji yaliyokuwa yametengana ndani yake huchanganyika, na hapo ndipo inapotoka ile harufu kali inayotuliza machozi. Tukiikaanga, ukali huondoka na utamu hubaki. Kazi yake ni kuunga, yaani kuweka msingi wa mchuzi.

Sehemu ya kijani ya juu haipendi moto mwingi. Ikipikwa muda mrefu hulegea, hubadilika rangi na kupoteza harufu. Kazi yake ni kuja mwishoni na kuamsha chakula: kukipa harufu ya bustani, rangi, na ukali kidogo unaochezea ulimi. Tena majani hayo mabichi yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, pamoja na vitamini C. Kitunguu cheupe peke yake hakina karotini ya kutosha kutajwa.

Kwa hiyo anayeuliza, "Niweke nini badala ya vitunguu majani?" ajiulize kwanza: "Nimekosa msingi, au nimekosa kijani cha mwisho?" Nilipoligawa swali hivyo, nililiona ni jepesi. Kilichokuwa kikimfanya mama ale hakikuwa msingi, maana kitunguu maji cha kawaida kilikuwapo siku zote. Ilikuwa ile harufu ya mwisho.

VINAVYOWEZA KUSHIKA ZAMU

Kitunguu maji. Hiki ndicho cha kwanza kufikiriwa, na kwa kazi ya msingi kinatosha kabisa. Badala ya miche mitano au sita ya vitunguu majani, nusu ya kitunguu maji cha wastani inatosha, maana ni kikali zaidi. Kama ni cha kachumbari au cha kunyunyiza juu ya chakula, kikate vipande vyembamba sana, ukiloweke katika maji baridi na safi kwa dakika kumi, kisha ukichuje. Ukali hupungua, nacho hubaki kikavu mdomoni kama kitu kibichi. Rangi ya kijani hutaipata hapo, itafute kwingine.

Majani ya kitunguu saumu. Haya nilifundishwa na mama mkwe mwenyewe. Siku moja alinikuta nikilalamika peke yangu jikoni, akasema, "Kwetu kiangazi tulikuwa tunachuma majani ya saumu. Nyinyi wa mjini mnajua punje tu." Ni kweli. Kitunguu saumu kikipandwa hutoa majani marefu bapa, na unaweza kuchuma machache bila kuua mche. Harufu yake ni ya saumu lakini ni laini kuliko punje. Tumia nusu ya kiasi ambacho ungetumia cha vitunguu majani, katakata yawe madogo, uyatie dakika mbili kabla ya kuipua. Katika vyote nilivyojaribu, hiki ndicho kilichokaribia zaidi.

Punje za kitunguu saumu. Hizi hufanya kazi ya msingi, siyo ya kijani. Punje moja au mbili kwa sufuria ya nyumba zinatosha. Zitwange kwenye kinu, uziache dakika chache kabla ya kuzitia motoni ili harufu yake ikamilike, na usiziache ziungue, kwa sababu saumu iliyoungua huwa chungu na huharibu sufuria yote.

Liki. Wanaokwenda Moshi au Arusha, au wanaopata mboga za Lushoto, huweza kuikuta. Ni ndugu yake kitunguu, shina nene na majani mapana. Ladha yake ni ya upole, inafaa sana kwa supu na viazi. Ipasue kwa urefu na uioshe kila tabaka, maana huficha mchanga. Haifai kuliwa mbichi kama vitunguu majani. Ipike dakika kumi hivi mpaka ilainike.

Giligilani, ambayo watu wa pwani huiita kotimiri na jirani zetu wa Kenya huiita dania. Haina ladha ya kitunguu hata kidogo, lakini kazi ya kijani cha mwisho inaiweza sana. Ichanganye na kitunguu maji kilicholowekwa: nusu kitunguu, vijiko viwili vya chakula vya giligilani iliyokatwa. Wawili hao kwa pamoja hufanya kazi ambayo mmoja peke yake hawezi.

Pilipili hoho ya kijani. Ikikatwa vipande vidogo sana na kutiwa mwishoni, hutoa rangi na ule ubichi unaopasuka mdomoni. Hufaa sana katika mayai na katika wali.

Limau au ndimu, na tangawizi. Hivi si vitunguu, wala havijidai kuwa vitunguu. Lakini kwa chakula cha chumvi kidogo ni rafiki wakubwa. Matone ya ndimu juu ya mchicha au maharage hufanya ulimi usiitafute chumvi. Na tangawizi yetu ya Mamba, ikisagwa kidogo katika mchuzi wa samaki au maharage, huleta joto ambalo mzee hulifurahia.

CHUNGU KWA CHUNGU

Wasomaji wengi hupenda kuambiwa jambo kwa chakula chenyewe. Basi haya ndiyo niliyoyaona nyumbani kwangu.

Makande: kaanga kitunguu maji taratibu mpaka kiwe na rangi ya dhahabu, utie nyanya, ndipo uunge. Mwishoni tia majani ya saumu. Kama hayapo, giligilani na matone ya ndimu.

Mchicha, mnafu na mboga nyingine za majani: kijani tayari unacho, kwa hiyo usihangaike kukitafuta. Kilichokosekana ni ladha ya kitunguu tu. Kitunguu maji na punje moja ya saumu vinatosha.

Mayai: hapa vitunguu majani hukumbukwa sana. Hoho iliyokatwa ndogo na kitunguu maji kilicholowekwa huziba pengo vizuri.

Supu ya ndizi, ya mifupa au ya kuku: liki ikipatikana ni bora. Isipopatikana, chemsha kitunguu maji kizima ndani ya supu, ukitoe, kisha mwagia giligilani juu ya bakuli.

Kachumbari: kitunguu maji kilicholowekwa, nyanya, tango, ndimu na giligilani. Kwa kweli sidhani kama mgeni atauliza vitunguu majani viko wapi.

Chakula cha kesho: jambo hili tunaweza kujifunza kwa jirani zetu Wasabato, ambao kanisa lao limekuwapo katika milima hii ya Upare tangu mwaka 1903. Anayepika Ijumaa chakula cha Jumamosi hana faida ya kutia kijani Ijumaa, maana asubuhi atakikuta kimelegea na kimebadilika. Unga kwa kitunguu maji kilichokaangwa vizuri, na kijani, kiwe cha namna gani, kiongeze wakati wa kupakua.

Neno moja la usafi. Chochote utakachokitia kibichi juu ya chakula, kioshe vizuri kwa maji safi na salama. Bustani zetu hunyweshewa kwa mifereji ambayo wengine nao wanaitumia huko juu, na chakula cha mgonjwa kisiwe njia ya kumletea ugonjwa mwingine.

KWA WALE AMBAO TUMBO LAO HALITAKI VITUNGUU

Wapo wenzetu ambao si kwamba wamekosa vitunguu sokoni. Ni tumbo linalovikataa. Wakila, hujaa gesi au husikia kiungulia. Hao kubadilisha kitunguu majani kwa kitunguu maji, liki au saumu hakutawasaidia, kwa sababu vyote ni ukoo mmoja na tumbo linautambua ukoo huo.

Kwao msingi wa mchuzi uwe karoti iliyokwaruzwa, nyanya na tangawizi kidogo, na kijani kiwe giligilani au hoho. Lakini wengi wao huweza kuivumilia sehemu ya kijani ya vitunguu majani, hata kama ile nyeupe huwasumbua. Kwa hiyo vikipatikana, wajaribu kijani peke yake, kidogo kidogo, na waone. Na kama maumivu ya tumbo hayaishi, waende wakapimwe. Tusimtibu mtu kwa kubadilisha viungo wakati ana kidonda ndani.

MAMBO MATATU YA KUJIHADHARI

La kwanza: usichimbe tunguu porini ukadhani umepata kitunguu cha bure. Iko mimea mingi ya mwituni yenye tunguu inayofanana kabisa na kitunguu na majani ya kijani yanayovutia, na mingine ni sumu kali kwa watu na kwa mifugo. Sugua jani kwa vidole. Kama halina harufu ya kitunguu, liache hapo hapo. Na hata likiwa na harufu, kama huujui mche wenyewe, usiule. Wafundisheni watoto wanaochunga mbuzi jambo hili.

La pili: soma maandishi yaliyo kwenye viungo vya dukani. Kuna unga wa kitunguu mtupu, na kuna chumvi iliyotiwa ladha ya kitunguu. Vinakaa rafu moja, na mwenye presha hafai kuchanganyiwa.

La tatu: watu watakuambia kitunguu saumu hushusha presha, kwa hiyo mgonjwa aache vidonge. Tafadhali msifanye hivyo. Saumu ni kiungo kizuri, na kama inamsaidia mtu kula chakula chenye chumvi kidogo tumshukuru Mungu. Lakini dawa alizopewa na mganga azimeze kama alivyoelekezwa, na asiziache bila kuzungumza naye.

VITUNGUU MAJANI VYA KOPO

Baada ya kujua vya kushika zamu, nawashauri pia mjiwekee akiba yenu. Haihitaji shamba. Unajua kile kitunguu maji kinachochipua kapuni, kikalegea, ukataka kukitupa? Usikitupe. Toboa matundu chini ya kopo kuukuu la rangi lililosafishwa sana, au ndoo iliyopasuka, jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, upande kitunguu hicho shingo ikitazama juu. Weka mahali penye mwanga. Mwagilia maji uliyooshea mchele au mboga. Usitumie maji ya sabuni. Kwa majuma mawili au matatu utakuwa na majani ya kukata. Kata ukiacha kama vidole viwili juu ya udongo, nayo yatachipua tena. Hayatakuwa mengi kama ya bustani, lakini kwa sahani ya mgonjwa mmoja yanatosha sana.

Vivyo hivyo vitunguu majani vikirudi sokoni: tumia majani, na kile kipande cha chini chenye mizizi, kirefu kama vidole vitatu, kirudishe udongoni. Kupanda kwa mbegu kunadai subira ya miezi miwili hadi mitatu. Kipande chenye mizizi kimekwisha kukuokolea sehemu kubwa ya muda huo.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa msimamizi wa makopo yetu. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, anaelekeza, anaonja, anatoa hukumu. "Hii ya leo ni karibu. Punguza saumu." "Hii sasa ni chakula." Niliona jambo ambalo sikulitazamia: kadiri alivyoulizwa ndivyo alivyokula. Alikuwa ameteremka mlimani akiwa mgonjwa wa kupikiwa. Jikoni akawa tena mama anayejua kitu ambacho mkwewe hakijui. Nafikiri hicho nacho kilikuwa kiungo, na hakiuzwi gengeni.

Mwezi wa Desemba alipopimwa, presha ilikuwa imeshuka vizuri. Naomba nieleweke: sisemi ni majani ya saumu yaliyoishusha. Alimeza dawa zake kila siku, na alipunguza chumvi. Ila aliweza kudumu katika chumvi kidogo kwa sababu chakula kililika. Ushauri wa kliniki ni mzuri, lakini mtu wa kuufanya uwezekane mara tatu kwa siku ni yule aliye na mwiko mkononi.

TUSIWALAUMU WANAOKUMBUKA LADHA

Katika Hesabu sura ya 11 twasoma habari za wana wa Israeli jangwani walivyokumbuka vyakula vya Misri: samaki, matango, matikiti, vitunguu na vitunguu saumu. Mara nyingi mahubiri huwalaumu, na ni haki, kwa maana walikuwa tayari kuutamani utumwa kwa ajili ya chungu. Lakini mimi kama mpishi husoma pia kwamba ulimi wa mwanadamu una kumbukumbu, na katika safari ngumu ndipo kumbukumbu hiyo inapouma. Mgonjwa anayesema chakula hakina ladha si lazima awe mnung'unikaji. Huenda anasema, "Nimechoka kuwa mgonjwa." Tukimsikia hivyo, hatutamjibu kwa hasira wala kwa kumrudishia kile kinachomdhuru. Tutatafuta njia ya tatu.

Na Mithali 15:17 inatukumbusha kwamba chakula cha mboga penye upendo chapita ng'ombe aliyenona penye chuki. Mwenye hekima aliyesema hivyo hakudharau mboga. Aliiweka mahali pa heshima. Basi sisi nasi tusiipike kwa kudharau. Upendo jikoni una macho: unasoma maandishi ya pakiti, unaosha mchanga wa liki, unajua nani mezani ana presha na nani tumbo lake halitaki vitunguu.

Wapendwa, kila jiko lina siku yake ya kukosa. Leo ni vitunguu majani, kesho ni nazi, keshokutwa ni sukari. Siku hiyo ikifika, msianze kwa kuuliza kitu gani kinafanana na kile kilichokosekana. Ulizeni kilikuwa kikifanya kazi gani, na kikimfanyia nani. Mkilijua hilo, Mungu aliyeijaza milima yetu mimea ya kila namna hatawaacha mkono mtupu. Na kama nyumbani mwenu yuko mzee anayesukuma sahani pembeni, kabla hamjabadilisha kiungo, mwiteni jikoni mkamwulize kwao walikuwa wakiunga na nini.